Njia Nyuma ya Jiko la Mama

Masimba, Kisii
11 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Machogu,

Habari za Doha na lile joto lake? Mgongo umepoa? Sisi huku tu wazima, na majani ya chai yanachumwa. Salamu zimetosha. Sasa nisikilize, maana nimekasirika na sitakuficha.

Unaijua ile njia mpya ya watembeaji na baiskeli inayozunguka mji wa Kisii ikipitia vijijini. Jumapili baada ya misa mimi na binti yangu Linet tuliishika kuanzia hapa Masimba. Kusema kweli ni nzuri. Tulifuata alama nyeupe zilizopakwa mitini, kati ya mashamba ya chai, tukicheka ovyo.

Kumbe ilikuwa inatupeleka kwetu Birongo! Iliingia uani, ikazunguka nyumba ya Mama iliyofungwa tangu tumzike, ikapita kwenye migomba nyuma ya jiko. Imepita juu ya kaburi lake, Machogu. Linet aliona alama za magurudumu kwenye udongo akaanza kulia. Wageni wawili walikuwa wameketi papo hapo wakila ndizi. Hao siwalaumu. Wangejuaje, na wewe ulituambia tusiweke saruji wala msalaba mpaka uje?

Nilimpigia Anyona, msimamizi wa njia, nikamfokea. Alinijibu kwa upole kwamba wewe ndiye uliyemruhusu kwa simu, ukamwambia nyuma ya jiko hakuna kitu, ni njia yetu ya zamani ya mtoni. Eti hakuna kitu! Najua ulidhani tulimlaza kando ya Baba. Pale tulichimba tukakuta mwamba, tukahamia nyuma. Kwa nini hukuniuliza? Nimeolewa, sijafa.

Wiki ijayo wanamwaga kokoto. Anyona hataisogeza njia kwa neno langu, anataka lako, kwa kuwa shamba ni lako. Mpigie leo hii, usingoje mwisho wa wiki. Kisha uombe likizo, uje tumjengee Mama kaburi.

Shemeji yako Mose anakusalimu, na Linet pia. Mungu akulinde kazini na akulainishe moyo.

Hukuja kumzika, nikakutetea mbele ya ukoo mzima. Wakiniuliza sasa kwa nini hujui mama yako amelala wapi, nitawaambia wakuulize mwenyewe.

Wako akupendaye, ingawa leo kwa shida,
Dada yako Kemuma