Kitambaa cha Nne

Tukuyu,
Jumatano, 16 Julai

Kwa baba yangu mpendwa, Mzee Ambindwile,

Shikamoo, tata. Mugonile nyote hapo Kinyala? Natumaini goti lako limepata nafuu na baridi hii, na kwamba mama bado anakukatalia kwenda kuchuma chai ukungu ukiwa haujaondoka. Mimi nimerudi salama kutoka Dar es Salaam tangu juzi. Midomo imepasuka kwa baridi baada ya lile joto la pwani, lakini sijambo, tena sijambo kuliko nilivyokuwa tangu mwaka uanze. Ukisoma hadi mwisho utaelewa.

Najua utauliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Baba, wewe ukipokea simu unaweka sauti ya nje, unaishika mbali na uso kana kwamba itakung'ata, na ua mzima unasikia. Haya ni ya kwako kwanza. Nampa Obed, dereva wa gari la majani, akukabidhi mkononi. Mama asome baadaye, ukishamwandaa.

Kiwanda kilipata meza kwenye maonyesho ya biashara, tukaenda watatu: meneja wetu Godwin, Agness ninayeonja naye chai kila siku, na mimi. Tulipanga vile vikombe vyeupe, tukawa tunachemsha maji kutwa nzima, watu wanaonja chai ya Rungwe kavu bila maziwa wala sukari, wanakunja uso. Bwana mmoja aliniuliza kama sukari imetuishia. Nilimjibu vizuri tu, ila Agness alinikanyaga mguu, kwa hiyo huenda sikumjibu vizuri sana.

Meza iliyotutazama ilikuwa ya Wafaransa wa divai. Mwenyewe ni mama mmoja wa makamo, mikono migumu ya jembe, maana shamba la mizabibu analo na analilima. Siku ya pili alikuja kututazama tukionja. Akaona kijiko, akasikia tunavyoivuta chai mdomoni kwa kishindo, akaona tunavyotema kwenye ndoo. Alipiga makofi! Kupitia mkalimani wake alisema na wao huonja vivyo hivyo, wanavuta na kutema, ila wao hawapigi kelele kiasi kile. Basi Godwin, unavyomjua kwa kujigamba, akamwambia kwamba mbele yake amesimama binti wa Mzee Ambindwile, mzee aliyeonja chai miaka thelathini na moja bila kukosea, na kwamba kesho saa nne nitaonja divai zake zote mbele ya watu na kueleza kila moja. Zote, baba. Chupa thelathini na sita.

Nilimwambia Godwin kwamba baba yangu ni mzee wa kanisa, na tangu kipaimara sijagusa kileo zaidi ya kikombe cha Meza ya Bwana. Akacheka, akasema si utatema? Lakini hofu yangu haikuwa hiyo, na sasa nakuambia nilichokificha tangu mwezi wa pili. Ile homa iliyonilaza siku tisa ilipoondoka, iliondoka na pua yangu. Sikuwa nasikia harufu yoyote. Si chai, si moshi, si sabuni, si mvua. Ulimi ulibaki na chumvi, uchachu na uchungu, basi. Miezi mitano Agness ndiye aliyekuwa pua yangu. Alikuwa akionja kabla yangu, akigonga kijiko mara moja chai ikiwa nzuri, mara mbili ikiwa imeungua, na mimi nikisema kwa sauti kubwa kama mwenye ujuzi. Nilijua siku ikijulikana nimekwisha kazi, na yeye pamoja nami. Kila nilipoingia chumba kile ulichokaa wewe miaka yote, nilijisikia mwizi.

Asubuhi ile watu walijaa. Agness alisimama karibu lakini angesaidia nini, divai hajawahi kuonja maishani. Nikaanza na nyeupe za Alsace na za mto Loire. Nilivuta kwa kishindo, watu wakaangua kicheko, nikatema. Harufu, hakuna. Nikasema kile ulimi ulichokuwa nacho: hii kali kama limau, hii inateleza, hii ina chumvi kwa mbali. Yule mama akawa anatikisa kichwa kukubali! Zikaja za rangi ya waridi, ikaja shampeni iliyonipanda puani nikapiga chafya mbele za watu. Zikaja nyekundu za Bourgogne, zikaja za Bordeaux, nikasema hizi zina ukakasi kama umeng'ata ganda la ndizi mbichi, watu wakashangilia. Godwin alikuwa ametunisha kifua. Mimi nahesabu chupa zilizobaki, nasubiri kuumbuka.

Ya ishirini na tatu ilikuwa nyekundu nzito ya bonde la Rhône. Nilipoisogeza mdomoni nilisikia kitu. Kidogo sana, nikadhani najidanganya. Nikavuta tena. Moshi, baba! Moshi na pilipili manga, na nyuma yake koti lako la kazini lililolowa, lile ulilokuwa ukilitundika juu ya jiko ukirudi kiwandani. Machozi yalinitoka papo hapo. Nikasahau ndoo, nikasahau watu, nikasahau uliyonifundisha tangu nikiwa na miaka kumi kwamba mwonjaji hamezi. Nilimeza. Funda zima. Likashuka linachoma hadi tumboni, na Mungu anisamehe, nilikuwa nacheka.

Yule mama aliuliza nimepatwa na nini, nikamwambia mkalimani amwambie kwamba divai yake inanuka kama baba yangu. Sijui alitafsiri vipi, maana alinikumbatia. Kisha nikamwomba turudi chupa ya kwanza, tuanze upya. Tukarudi. Tufaha, nyasi zilizokatwa, asali, maua, udongo uliolowa. Nyingine zilikuja hafifu na nyingine hazikuja kabisa, lakini zilizokuja nilizitaja moja moja kama mtu anayewaita nduguze kwa majina. Nilizitema zote, naapa.

Mchana huohuo nilimwita Godwin nyuma ya meza nikamwambia kila kitu. Alikasirika, na ana haki. Agness amepewa onyo la maandishi na hajaninung'unikia hata neno moja, na kwa hilo nitamshukuru maadamu ni hai. Mimi Jumatatu nitawekewa vikombe ishirini visivyo na alama, peke yangu, mlango umefungwa. Nikishindwa, natoka chumba cha kuonja, naenda kupima majani kwenye mizani.

Baba, sasa sikiliza. Jioni ile nilifungua begi langu nyumba ya wageni, nikatoa kile kifurushi ambacho Obed huniletea kutoka kwako kila wiki mbili, chenye vitambaa vinne vilivyofungwa fundo, na karatasi yenye mwandiko wako: nusa kimoja kimoja asubuhi na jioni, hesabu hadi ishirini, ni dawa ya kifua. Nilikuwa nakutii nikikucheka moyoni, kwani kifua changu kizima. Nikafungua cha kwanza, maganda ya limau. Cha pili, karafuu. Cha tatu, majani ya mkaratusi. Cha nne siku zote nilidhani ni kitambaa kitupu cha kufutia pua. Nikakinusa. Mafuta ya taa.

Nilikaa chini sakafuni. Nikakumbuka Pasaka, chai uliyosokota kwa mikono yako mwenyewe, ukanimiminia ukaniambia nionje niseme. Nami nikafumba macho nikakudanganya, nikasema ina harufu ya maua ya mchungwa. Nelson aliondoka mezani, nikamkaripia kwamba mdogo wangu hana adabu. Mama aliweka kikombe chini. Wewe ulikunywa chako mpaka mwisho, ukasema asante, Tupo.

Nilimpigia mama. Amekiri kwamba birika lile ndilo alilopimia mafuta ya taa Ijumaa Kuu akasahau kulisuuza vizuri. Amesema uliwakataza wote wasinikosoe, na kwamba wiki iliyofuata ulipanda pikipiki na goti hilo ukaenda hospitali, ukamwambia daktari kwamba wewe ndiye usiyesikia harufu, akakueleza la kufanya: kunusa harufu kali kila siku mpaka pua irudi. Mafuta ya taa hukuambiwa na daktari. Hayo uliyaweka mwenyewe, ili siku nitakapopona nijue kwamba ulijua.

Nisamehe kwa uongo wa Pasaka. Nisamehe na kwa lile funda, na kama kikao cha wazee wa kanisa kitataka kuniita, nitakuja na nitasema kweli. Lakini siwezi kusema kwamba najuta kupata nilichopata. Ndaga fijo, tata, asante sana. Ndaga fijo kwa kuimaliza ile chai.

Jumamosi nitakuja. Kabla Godwin hajanipima, nipime wewe. Panga vikombe unavyotaka, tia humo unachotaka, na safari hii usimkataze mtu kusema.

Nisalimie mama, mwambie birika nitamletea jipya. Msalimie Nelson, mwambie dada yake anamwomba radhi. Vitambaa vitatu nitavirudisha uvijaze tena. Cha nne nabaki nacho.

Ni mimi binti yako,
Tupokigwe