Shikamoo ya Kwenye Kompyuta

Valerian mwanangu,

Nimekwenda sala ya jumuiya kwa Mama Noela, narudi saa tisa. Wali na mchicha viko kwenye hotpoti. Ule vingali vya moto. Tangu kazi yako ihamie hapa nyumbani, chakula cha mchana unakula saa kumi na moja. Mvua ikija, anua nguo.

Asubuhi ulikaa mezani ukasema shikamoo, nami nikaitikia marahaba, tena kwa furaha. Kumbe ulikuwa unamwamkia bosi wako humo kwenye kompyuta. Wenzako wakacheka, ukaninyooshea kidole ninyamaze. Mimi, niliyekuwa mbele yako nakumiminia chai.

~~Sijakasirika.~~ Nimekasirika kidogo.

Waya wa kuchajia usihangaike kuutafuta, nimeondoka nao kwenye pochi. Chaji iliyopo itakufikisha mchana. Kompyuta ikizima, kula, kisha ukamwagilie matembele upate na hewa.

Nikirudi nitasimama hapo mlangoni. Shikamoo ikinifikia, na waya utakufikia.

Ni mimi mama yako, wa nje ya kompyuta.