Mteja Wangu wa Majaribio, Shangazi Dinah

Jumatatu, 3 Februari 2025

Baridi ya kukata masikio. Nimetoka kazini, kwenye nyumba ya wazee kule Golden Valley, nikala, nikafungua kitabu. Mtihani wa ukufunzi wa mazoezi ni Jumamosi. Maneno hayaishi! Mapigo ya moyo ya mapumziko — yapimwe asubuhi, mtu hajainuka kitandani. Msuli wa nyuma ya paja una jina refu kuliko langu. Nikipita, naacha kuogesha wazee, naanza kuwafundisha kusimama wenyewe. Naitaka sana hiyo kazi.

Shangazi Dinah, dada ya baba, ninayeishi kwake hapa Maplewood, ughaibuni, amekubali kuwa mteja wangu wa majaribio. Ana kisukari, lakini daktari wake amesema mazoezi ruksa, mradi awe amekula.

Jumatano, 5 Februari

Tumeanza, kule basement, chumba cha chini ya nyumba. Kupasha mwili moto kwanza, kisha skwati, kuchuchumaa na kuinuka. Magoti yasiingie ndani, mgongo usipinde. Shangazi: "Jairus, hii ni workout ama punishment ya boarding?" Nimecheka mpaka nikapoteza hesabu ya marudio.

Nilimuuliza kwanza kama amekula. Akasema Mungu ni mwema, tuanze. Nikaona hiyo ni ndiyo.

Alhamisi, 6 Februari

Shifti mbili. Sijasoma hata ukurasa. Shangazi naye leo hana maneno mengi — labda ni theluji.

Ijumaa, 7 Februari

Seti ya pili mikono ya Shangazi ikaanza kutetemeka. Jasho la baridi. Akakaa kwenye ngazi, akaniita kwa jina la baba yangu. Sukari imeshuka! Acha zoezi, mpe kitu kitamu upesi — hilo nalijua hata usingizini. Nikakimbilia juisi. Akafunga mdomo, akageuza uso. Nikamwambia napiga 911. Ndipo akanywa.

Kipimo sasa kinaonyesha sukari imepanda. Nesi wa zamu wa kliniki ya daktari wake amesema kwenye simu ale chakula kamili, kisha apimwe tena.

Nimembana, akakiri: kumbe anafunga! Tangu Jumatano ni maji tu, na vidonge vya kisukari anameza kama kawaida. Amemwahidi Mungu hatakula mpaka nitoke kwenye chumba cha mtihani. Na mfungo hautangazwi, ndiyo maana Jumatano alinijibu vile. Nimekasirika. Nimetaka kulia pia. Nani mwingine nchi hii angekaa njaa kwa ajili yangu?

Nimemwambia asipokula, kesho siendi. Akasema nisipokwenda, amelala njaa bure. "And then baba yako nimwambie what?" Nikamwambia kwanza baba nitampigia sasa hivi, nimweleze huu mfungo. Akavuta kiti, akaketi mezani.

Nimempikia ugali na mayai. Naandika hapa mezani, sitoki. Sahani iko mbele yake, mvuke unapanda. Amefumba macho, midomo inatembea, na maombi ni marefu. Sijui anashukuru kwa chakula au ananiombea mtihani.