Chaji Ukutani Mwangu

Røros, Januari

Mwanangu Halvard,

Mshtuko haujanitoka. Uliniambia kwamba baridi inamaliza betri ya gari lako la umeme, na kwa kuwa kwako hakuna chaji wala kwangu hakuna, huwezi kuja mpaka theluji iyeyuke. Nikakuamini. Jumamosi nilikwenda dukani kununua kahawa, nikakukuta pale nje umesinzia garini, waya umechomekwa kwenye chaji ya duka, nyuma tu ya nyumba yangu!

"Mama! Naelekea kwa wakwe, nachaji kidogo tu."

"Unakaa hapa saa nzima, na jikoni kwangu kuna moto?"



Leo fundi amefunga chaji ukutani mwangu. Gari lako halina kisingizio tena. Nitaona kama wewe unacho.

Mama yako,
Torbjørg