Hoteli Yenye Bwawa

Jumatatu, 4 Agosti
Mimi ndiye kijana mwerevu kuliko wote kutoka Kakamega mpaka Mumias. Na Mumias palikuwa na mfalme! Angekuwa hai leo angenitumia boda nikamshauri. Chapati zangu zenyewe zinanijua. Zinageuka kabla sijazigusa.

Nilikuwa nasukuma za asubuhi, dada yangu Fibi akapiga simu kutoka Rongai, huko Nairobi. Mtoto wake mchanga yuko sawa. Mama aende wikendi hii amwone, mimi nimsindikize. Lakini Mama hawezi kulala kwa mkwe wake. Kwetu haifanyikangi. Basi hoteli. Shemeji atalipa, mimi nichague, kwa sababu nimemwambia kila mtu kwamba Nairobi nimeimaliza.

Sijawahi kufika. Lakini nani anajua?

Makokha, ninayepika naye, amecheka mpaka akaunguza mandazi. Ati, "Wewe Nairobi umeiona kwa kalenda!" Wivu.

Jumanne, 5 Agosti
Fibi amenitafutia gesti. Unavuka barabara tu, uko kwake. Nimeangalia picha. Mapazia ya maua. Paka amelala mlangoni. Mtu wa hadhi yangu apigwe picha na paka?

Nimepata nyingine, Thika Road. Ghorofa kibao. Bwawa la kuogelea, maji ya bluu hata simu ilitaka kulowa. Kwenye ramani, kutoka hapo mpaka Rongai ni kidole kimoja. Kidole ni nini?

Nimewaambia wote gesti imejaa. Sijapiga simu kuuliza. Siku hizi gesti zinajaanga.

Alhamisi, 7 Agosti
Chekalini, nyumbani. Mama ameshafunga mzigo. Kuku mmoja hai. Sabuni mpya ya mtoto, bado kwa karatasi yake.

Anataka kitu kimoja tu. Kumwogesha mjukuu asubuhi kwa mikono yake, amnyooshe miguu, amkande mgongo, vile alivyotuogesha sisi. Mjukuu wa kwanza. Amesema mpaka kuku amesikia. Na Jumatatu lazima turudi, ng'ombe anakaribia kuzaa.

"Papa," akaniuliza (huniita hivyo, nina jina la baba yake), "hiyo hoteli iko karibu na mtoto?"

Nikasema karibu sana. Kwa sauti nzito.

Ijumaa, 8 Agosti
Tumefika jioni. Nairobi ni kubwa. Sikushtuka. Nilisimama tu kidogo.

Bwawa halina maji. Ndani kuna viti vya plastiki na ufagio. Nimejipiga picha hapo, ufagio nikaukata. Nimemtumia Makokha, ameiona na amenyamaza. Nimeshinda.

Askari wa langoni alikataa kuku asiingie. Kumbe ni mtu wa Matungu, kule kwetu karibu na Mumias. Kusikia Mama anavyoongea, akalainika. "Salaam aleikum, Mama. Niachie hiyo ingokho, italala na mimi hapa kwa kibanda."

Niliomba chumba cha juu kabisa, nione mji. Mama ameikataa lifti. "Hilo kabati liende bila mimi." Tukapanda ngazi. Nilimtania kila ghorofa. Ya tano akakaa chini, akashika goti. Nikaacha kumtania.

Jumamosi, 9 Agosti
Tumetoka mapema. Hawa watu wamepanga magari ya dunia nzima kwa barabara moja. Halafu mjini nikapotea nikitafuta stendi ya Rongai. Nikamwambia Mama imehamishwa.

Tulipofika mtoto alikuwa ameshaogeshwa, amelala. Ana mafua kidogo, hawezi kumwagiwa maji mara mbili. Mama alimshika. Alinusa kichwa chake muda mrefu. Akasema, "Basi kesho."

Gesti inaonekana kutoka dirisha la Fibi. Kibao nje: vyumba viko. Hata paka yuko.

"Si ulisema imejaa?" Fibi akauliza.

Nikasema labda watu wametoka leo. Akasema basi tuhamie. Nikasema hoteli haiwezi kumrudishia Shemeji pesa. Hapo Mama akaingilia kati, hataki kumharibia mkwe pesa yake. Tukarudi Thika Road. Goti lake limevimba. Ngazi zote tena.

Nimekasirika. Sijui na nani.

Jumapili, 10 Agosti
Mama aliniamsha kukiwa bado giza. Alikuwa amevaa tayari, sabuni mkononi.

Mvua. Lori limelala katikati ya barabara. Hakuna kwenda, hakuna kurudi. Fibi akapiga: maji yako tayari. Akapiga tena: yamepoa, anayachemsha upya, mtoto analia. Mara ya tatu Mama akachukua simu kwangu.

"Mwogeshe tu, mama. Asipigwe na baridi."

Alisema polepole. Akarudisha sabuni kwa mkoba. Mimi nikaangalia nje. Hakukuwa na kitu cha kuangalia, ni lori tu.

Tulifika mchana, kuku akapikwa. Shemeji akala firigisi sebuleni, Mama akala jikoni, kama inavyotakiwa. Alimbeba mtoto mpaka saa ya kuondoka. Kwaheri ilikuwa fupi.

Jumanne, 12 Agosti
Nimerudi kazini. Makokha anataka habari. Nimempa ghorofa, nimempa lifti, nimempa askari na kuku. Amecheka vizuri. Bwawa sikulitaja, na yeye hakuuliza.

Fibi nilimwambia kilichotuchelewesha ni lori. Shemeji nikamwambia ni mvua. Mama hakuna alichoniuliza. Jana jioni, tulipofika Chekalini, alinishukuru kwa kumtembeza. Alimaanisha. Halafu akafungua mkoba, akatoa sabuni, karatasi bado haijachanwa, akaiweka juu ya kabati, nyuma ya vikombe vya wageni. Akaenda akichechemea kuangalia ng'ombe.

Ng'ombe hajazaa.

Chapati za leo zimetoka ngumu. Wateja wamekula tu.

Gesti haikuwa imejaa. Nilitaka bwawa.