Jiwe la Tanuru la Walikale

Jumanne, 8 Juni 1954
Tunapanga mawe tanuruni tena. Mgongo unauma. Safari ya kwanza tulichoma mpaka kuni zikaisha, mawe yakatoka vile vile. Meupe, magumu, hakuna chokaa. Papa Padri anasema moto ulikuwa mudogo. Labda. Nyumba ya kuzalia akina mama inangojea chokaa, na mvua ikirudi kuta za udongo mutupu hazitasimama. Nimechoka kuhesabiwa fundi.

Ijumaa, 11 Juni
Tumeongeza moto. Mawe yamelipuka ndani, yakaruka nje vipandevipande. Bauma, shemeji yangu, alikuwa anachochea kuni. Kipande kimemupata jicho la kuume. Hakulia. Alikaa chini tu, mikono usoni. Kamio, gari la mizigo, imemubeba hospitali ya Masisi. Dada yangu Furaha amekwenda naye.
Sikula.

Jumatatu, 14 Juni
Muzungu anayetafuta madini amepita njiani, nikamuonyesha mawe yetu. Alimwaga tone la dawa kali juu ya jiwe. Kimya. Hakuna hata povu, na jiwe la chokaa hutoa povu.
Akanipa kioo chake cha kukuzia vitu, nichungulie jiwe. Mistari myembamba, kama mukeka juu ya mukeka.
"Hii mistari iko ya chokaa ya zamani," akasema. "Lakini chokaa yenyewe haiko tena."
Maji ya moto, akaeleza, yalipanda kwenye ufa wa mulima, kabla watu hawajakuwako. Yaliyeyusha chokaa kidogo kidogo, yakaacha jiwe lingine mahali pake. Umbo likabaki. Jiwe la namna hiyo halichomeki, linapasuka.
Tulilichagua kwa sura. Hasira imenijaa, na sina wa kumupelekea.

Jumatano, 16 Juni
Tumetembea na Muzungu tangu ule ufa, kwenda mbali. Karibu na ufa, chembe kubwa za kung'aa: hapo maji yalikuwa moto zaidi, na yalipita muda murefu. Mbele kidogo, chembe ndogo. Kisha jiwe la rangi ya majivu. Dawa ikachemka polepole, baada ya kukwaruza kwa kisu. Maji yalifika pale yakiwa yamepoa, akasema, yakabadilisha nusu tu.
Ngambo ya kijito, povu likapanda mara moja.
Kilima kile kile. Mistari ile ile. Tungelianzia huku, Bauma asingeliumia jicho.

Jumapili, 20 Juni
Habari toka Masisi. Jicho limepotea. Furaha ametuma neno kwa dereva: "Mwambie kaka, asimuite Bauma tena kwenye moto."
Sikuenda misa.

Alhamisi, 1 Julai
Tunabeba mawe toka ngambo. Mbali, mwinuko mukali. Wanaume wananung'unika. Kila jiwe nalimwagia kwanza dawa aliyoniachia Muzungu. Wananicheka. Wacheke.

Alhamisi, 8 Julai
Safari hii mawe yameungua. Tulipomwagia maji, mawe yalivimba, yakapiga mvuke, yakawa unga. Nilitazamia kufurahi. Nimepata usingizi tu.

Jumamosi, 10 Julai
Bauma amerudi, kitambaa usoni. Hakusogea upande wa tanuru. Aliomba uzi. Akashika mwisho mumoja, mimi mwingine, tukanyoosha mustari wa ukuta wa kwanza wa nyumba ya kuzalia.
"Iko sawa?" akauliza.
Upande wake ulikuwa umeshuka kidogo. Nikashusha wangu.
"Iko sawa."
Furaha akatuletea maharagwe. Tukala hapo hapo, kando ya uzi.