Hina ya Kisogoni

Jumatatu, 4 Agosti

Chai. Dawa ya presha. Kisha nywele. Nimepaka hina mbele na pembeni, nyuma nimeshindwa tena. Mkono wa kulia hauinuki kupita sikio. Nilitumia vioo viwili na bado shingo ilipata hina kuliko nywele.

Kwa miaka thelathini aliyenipaka kisogoni ni Kaltuma, mdogo wangu. Nami nilimpaka yeye. Kila wiki ya tatu, Alhamisi baada ya Alasiri. Alifariki Desemba. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi. Nimepima zile nyeupe za nyuma, ni sentimita nane. Mbele rangi ya chungwa, nyuma nyeupe, na mstari katikati kama uliochorwa kwa rula.

Hakuna anayeuona. Mtandio huutoa nikiwa peke yangu, na peke yangu ndivyo niwavyo.

Lakini tarehe kumi na sita Rukia, binti wa Kaltuma, anaolewa. Kwenye sherehe ya wanawake nitakaa mahali pa mama yake, kichwa wazi, kama tunavyofanya wanaume wasipokuwepo. Wanawake wote wa kwetu Kinna watakuwa nyuma yangu. Watasoma kisogo changu na kujua kwamba sina mtu.

Sitaki.

Jumatano, 6 Agosti

Zeinab, binti yangu, amepiga simu kutoka Nairobi. Nilimweleza shida ya nywele, akanitumia picha. Mtindo unaitwa balayage. Neno la Kifaransa, linatokana na kufagia. Fundi hafuniki kichwa kizima. Anafagia rangi kwa brashi, kwa mkono, kwenye vishungi alivyochagua: nyingi kwenye ncha, kidogo sana karibu na mizizi. Kwa hiyo nywele zikikua hakuna mstari.

Zeinab alisema ukifanya mara moja unakaa miezi minne bila kumhitaji mtu. Sentensi hiyo niliipenda.

Nilimwuliza kama angeweza kuja siku mbili mapema. Kazi nyingi. Atafika asubuhi ya sherehe, ataondoka jioni. Nilisema sawa. Si sawa.

Ijumaa, 8 Agosti

Saluni ya barabara kuu. Vioo vingi, taa nyingi. Msichana alinionyesha picha kwenye simu, zote za nywele laini zilizonyooka, hata moja haifanani na nywele zetu. Nikamwomba anionyeshe kichwa alichokipaka miezi mitatu iliyopita. Sababu ni hii: siku ya kwanza, chini ya taa, kila rangi inapendeza. Ufundi unaonekana nywele zikishakua, tena juani.

Alicheka. "Shosho, hiyo ni ya wasichana. Wewe nikupige nyeusi tu, utoke hapa kama mtu wa chuo."

Nilimshukuru nikaondoka. Nyeusi tii kwenye uso wa miaka sitini na tisa ni kofia.

Jumamosi, 9 Agosti

Mtaa wa Bulla Pesa, saluni ya chumba kimoja, viti viwili. Fundi anaitwa Kendi, Mmeru, yapata miaka arobaini. Nilipouliza swali langu hakuchukua simu. Alitoka akamwita jirani, nesi, akamsimamisha mlangoni kwenye jua. Alimpaka Aprili. Nilitafuta rangi inapoanzia, sikuiona.

Nimempata.

Kisha alipitisha kitana kichwani mwangu, polepole, kishungi kwa kishungi. Tangu Desemba hakuna aliyenigusa kichwa. Macho yalinijaa machozi. Nikasingizia vumbi.

Aliuliza: hina ya majani au ya pakiti? Nikasema ya majani.

Nilidanganya. Majani yanataka kuchanganywa na kungojewa, na kungojea kunataka watu wawili. Tangu Kaltuma aondoke nanunua pakiti ya haraka sokoni. Niliona aibu kueleza hayo yote kwa mtu nisiyemjua.

Nirudi Jumanne.

Jumanne, 12 Agosti

Siku mbaya.

Kendi hukijaribu kishungi kwanza. Alikata nywele chache nyuma ya sikio, akazitia kwenye kikombe chenye blichi. Baada ya dakika chache kikombe kilikuwa cha moto. Nywele zikageuka kijani kama maji ya bwawa, na alipozivuta zikakatika.

"Mwalimu," alisema, "hii si hina ya majani."

Nimefundisha kemia miaka ishirini na sita. Pakiti nyingi za haraka zina chumvi za madini, na chumvi hizo zikikutana na peroksaidi ya blichi hutoa joto. Nimewaonyesha wanafunzi povu lake likimwagika mezani. Na bado nilikaa kwenye kile kiti, tayari kuwekewa kitu hicho kichwani, kwa sababu ya aibu.

Nilimwambia ukweli. Hakukasirika. "Blichi sikuwekei. Hata ukilia." Aliandika namba yangu ya simu, nikavaa mtandio nikaja nyumbani.

Zeinab anasema siku ya sherehe nisivue mtandio, niseme kichwa kinaniuma. Mahali pa mama, nimejifunika kama mgeni. Zimebaki siku nne. Sikula.

Alhamisi, 14 Agosti

Kendi alipiga simu asubuhi. Alikuwa amefikiria. Je, majani halisi, bila blichi, yanaweza kufagiwa kwa brashi? Yeye hajawahi kuyachanganya.

Nilifungua mkebe wa Kaltuma. Majani ya hina kutoka Rapsu, aliyasaga mwenyewe. Sikuwa nimeugusa tangu Desemba. Nikachukua na bakuli lake la bati, nikaenda saluni.

Nilimfundisha Kendi: chai ya rangi, kali, ndimu, koroga, ngoja hadi juu pawe na giza. Mkebe wote uliishia humo. Nilisita kidogo kabla ya kumwaga mwisho wake.

Halafu yeye akanifundisha. Alipunguza ncha zilizochoka. Akafagia nyuma kwa mshazari, kishungi kinene, chembamba, kimoja akakiacha cheupe. Vingine alivisuuza baada ya nusu saa, vikawa rangi ya asali. Vingine alivingoja kwa saa tatu, vikawa shaba. Mstari ukapotea.

Katika kungoja nilimweleza habari za Kaltuma. Sikuwa nimezieleza kwa mtu. Alisikiliza huku akisuka kichwa cha mtu mwingine.

Mwishoni alisema, "Hii haitakaa miezi minne, Mwalimu. Baada ya wiki sita urudi."

Nilitaka rangi ya kutomhitaji mtu. Nikasema nitarudi. Ilikuwa baada ya Alasiri.

Jumamosi, 16 Agosti

Nilikaa mahali pa Kaltuma, kichwa wazi. Mama mmoja wa Kinna alishika nywele zangu kwa nyuma bila kuomba ruhusa, akanusa. Akauliza nani kanipaka. Nikasema Kendi, wa Bulla Pesa.

"Lakini hina ni ya Kaltuma," alisema.

Rukia alisikia. Aliinuka, akaja nyuma yangu, akaweka paji la uso wake kisogoni mwangu. Muda mfupi tu. "Mama mkubwa," alisema, basi. Akarudi kuketi.

Zeinab ameondoka saa kumi na moja.

Jumatatu, 18 Agosti

Chai. Dawa. Upepo tangu alfajiri.

Foronya ina alama nyekundu. Nimeiloweka.

Rukia yuko kwa mumewe. Simu haijalia. Nyumba ni ileile.

Nilitaka kuosha bakuli la bati, nikakumbuka liko kwenye rafu ya Kendi. Sikulisahau, nililiacha. Kwenye rafu yangu pamebaki duara safi katikati ya vumbi. Sijalifuta.

Mkebe ni mtupu. Kabla ya tarehe ishirini na tano Septemba, Alhamisi ya kurudi kwa Kendi, nitafute majani.